Nilichomwambia Mzee Kuhusu Fundi

Kule zinakotengenezwa sinema kubwa, Julai na Agosti ni miezi ya joto, na watu huenda kuziona wakiwa na nguo fupi. Hapa kwetu, juu ya Runyenjes, hiyo ni miezi ya ukungu. Majani chai hayakui, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu na bado ni mbichi, na mwenye akili hakai mbali na jiko. Kwa hivyo sinema zao za joto mimi nimeziona zote nikiwa na sweta mbili, na sijaona kama zimepungukiwa na kitu.

Napenda sinema za viumbe na za angani. Za mapenzi sitaki, wanalia sana bila kufiwa. Za bunduki zinanichosha, risasi haziishi. Nataka mtu atoke duniani aende mahali hakuna mtu amewahi kufika, akutane na kitu ambacho hakina jina, halafu nione kama atasimama au atakimbia. Wamama wa kanisa wameniambia mara nyingi kwamba mwanamke wa umri wangu hafai kutazama majitu. Nimewajibu kwamba nimelea watoto sita na kukamua ng'ombe anayepiga teke, na jitu la kwenye televisheni halijanifanya kitu.

Mwaka huu nimetazama tatu. Moja ni ya mdudu aliyelala chini ya barafu akaamshwa na watu wa kuchimba mafuta. Mdudu ni mzuri, wamemfanyia kazi, lakini watu wenyewe ni wajinga. Wanasikia kishindo, wanakifuata. Ya pili ni ya wafu kuamka, na hiyo niliizima katikati. Ya tatu ni ya mji mzima kumezwa kabla ya saa sita mchana, na jioni yake wale waliopona wanakunywa na kucheka. Nimeitazama mpaka mwisho nikingoja mtu azikwe. Hakuna aliyezikwa. Hakuna hata aliyeuliza jirani yake yuko wapi. Hilo ndilo kosa la hizi sinema za siku hizi. Wanajua kuua watu elfu, hawajui kufiwa na mmoja.

Zamani nisingeliona hilo kosa. Nilikuwa natazama na mzee wangu, na mkiwa wawili mnaongea, mambo mengine yanapita.

Mzee wangu alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa katika kiwanda chetu cha ushirika. Miaka thelathini hivi, msimu wa kahawa ukifika alirudi nyumbani akinuka grisi na maganda. Yeye alisoma mpaka darasa la saba, mimi niliishia la tatu, kwa sababu kwetu ni chini, Mbeere, upande wa Kiritiri, na mbuzi walihitaji mtu. Tulipopata televisheni, yeye ndiye alinieleza Kiingereza. Alikuwa akisikiliza kidogo, ananigeukia, ananiambia, "Huyu anasema huyu ni mwongo," basi nami najua.

Halafu presha ya macho ikamshika. Huo ni ugonjwa mbaya kwa sababu hauumi. Unakula macho kutoka pembeni, pole pole, na mtu anafikiri ni taa imefifia. Jicho la kushoto lilienda kwanza. La kulia lilimwachia kivuli tu, anaweza kujua mlango uko wapi ukiwa wazi. Hapo ndipo kazi yetu iligeuka. Yeye alibaki na Kiingereza, mimi nikawa na picha. Tulikaa kwenye kiti kimoja, Jumamosi alasiri, ananiambia wanasema nini na mimi namwambia wanafanya nini. Wageni waliotukuta walisema tunafanya kelele kuliko televisheni.

Aliniamini sana. Alikuwa na utani wake tangu tukiwa wachumba, kwamba amechukua mke wa Mbeere kwa sababu ya macho. "Hawa wa huko chini," alikuwa akiwaambia watu wa rika lake, "wanaona mbuzi aking'oa jani upande wa pili wa mto. Na wakikuambia ni mbuzi wa jirani, ni wa jirani. Hawaongezi." Ni kweli sikuwa mtu wa kuongeza. Watoto wangu wote wanajua. Mimi nikisema chakula hakuna chumvi, hakuna chumvi, hata kama aliyepika ni mkwe.

Kulikuwa na tamthilia moja tuliyoifuata kwa mwaka mzima. Ilikuwa ya chombo cha angani kilichopotea njia, na ndani yake watu wachache wanaotafuta pa kurudi. Wengine walikuwa wazuri na wenye misuli. Mzee wangu hao hakuwajali. Alimpenda fundi, mtu mzima wa mvi, anayekaa chini kabisa na mashine, anayesahauliwa na kila mtu mpaka kitu kiharibike. Kila mara fundi akitokea, mzee alinyoosha mgongo. "Ameshika spana gani?" ananiuliza. "Anafungua kwa kushoto au kwa kulia?" Nami naangalia vizuri, namwambia.

Sehemu ya mwisho ya huo msimu ilionyeshwa wiki ile tuliyotoka hospitali Embu, ambako walimwambia mzee wangu kwamba jicho la kulia nalo limekwisha na asirudi tena kwa ajili yake, aje tu kwa dawa ya kupunguza presha. Nyumbani hakula. Nilimpikia uji, akaweka kikombe chini. Siku tatu. Nilifikiri ni huzuni ya macho, sikujua kwamba hata koo lilikuwa limeanza. Jumamosi akasema, "Washa tuone kama fundi atawafikisha."

Chombo kilikuwa kimekwama, kimenaswa na vyuma. Fundi akavaa mavazi ya kutoka nje.

"Anafanya nini sasa?"

"Anafungua mlango. Ametoka."

"Kamba amefunga wapi?"

"Kiunoni."

Kutoka hapo hakuna aliyeongea kwenye televisheni. Huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti, na hilo ni yeye mwenyewe alinifundisha. Kulikuwa na muziki tu. Nikamwona fundi akikata vyuma, kimoja, cha pili. Chombo kikatikisika, kamba ikakatika. Alianza kuzunguka pole pole, kama jani kwenye tangi la maji, akienda mbali. Aliinua mkono mara moja. Akawa mdogo, akawa nukta, na wale wa ndani walisimama kwenye dirisha wakimwangalia.

"Mama," mzee akasema. "Nimeuliza anafanya nini."

Niliangalia kile kikombe cha uji. Nikasema, "Wamemvuta. Ameingia ndani."

"Ameumia?"

"Mkono kidogo."

Huo mkono sijui niliutoa wapi. Mzee alicheka, akapiga goti lake, akasema, "Nilijua. Mtu wa mashine haachwi nje." Halafu akauliza kama uji bado upo. Alikunywa wote, na mimi niliosha kikombe nikiwa na moyo mwepesi. Sikufikiri kwamba nimedanganya. Nilifikiri nimemlisha.

Miezi ikapita. Mwezi wa sita wakaanza kutangaza kwamba msimu mpya unakuja Agosti, na matangazo yenyewe ni ya haraka, taa na vishindo, hakuna anayeweza kuyaelewa. Mzee alikuwa na siku yake ya kwenda kunyolewa Runyenjes. Boda boda mmoja wa kanisa letu alimpeleka na kumrudisha. Kwa kinyozi kulikuwa na benchi la wazee, na televisheni ukutani, na huko ndiko mambo ya nchi yote huamuliwa.

Yaliyotokea huko nimeambiwa na yeye, na baadaye na kinyozi, ambaye alikuja kuniomba msamaha kama kwamba kosa ni lake. Tangazo lilionyeshwa. Wazee wakaanza kubishana ni nani ataokoa kile chombo. Mzee wangu akasema ni fundi. Mwalimu mmoja mstaafu, wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye, akamwambia, "Wewe, fundi alikufa zamani. Alikatikiwa na kamba."

"Hakukatikiwa. Walimvuta."

"Alikufa, nimeona."

"Na mke wangu ameona. Huyo mwanamke nimeishi naye miaka arobaini na tano hajawahi kunidanganya. Wewe miwani yako ni ya kuokota."

Wakacheka. Kinyozi, aliyekuwa na ile tamthilia kwenye simu, akaitafuta kwa nia njema, akaiweka, na wote wakainama kutazama, na mzee wangu ameketi katikati yao na kitambaa cha kunyolewa shingoni, hawezi kuona. Mmoja baada ya mwingine wakamwambia. Amekatikiwa. Anaenda. Amepotea. Mwalimu akasema, "Basi mama amekuonea huruma, mzee. Hata mimi ningekuficha." Hilo ndilo lililomuua mzee wangu kwa aibu. Kwa kubishana tu asingejali.

Aliingia nyumbani na kofia kichwani, hakuitoa.

"Mama, fundi yuko wapi?"

"Fundi gani?"

"Unajua ni gani."

Nilikuwa nachagua maharagwe. Nikaweka ungo chini. "Alikufa."

"Siku gani?"

"Ile Jumamosi."

"Nimeapia watu wa rika langu kwa jina lako," akasema. Hakupandisha sauti. "Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine."

Nikamwambia ukweli wangu, kwamba nilimhurumia. Ningenyamaza ingekuwa afadhali.

"Huruma ni ya mbuzi aliyevunjika mguu," akasema. "Mimi sikukuomba huruma. Nilikuomba macho."

Tangu siku hiyo alianza kunipima. Nikimwambia chai imepoa, anaingiza kidole. Nikimwambia mvua haijaanza, anatoa mkono mlangoni. Nikimwambia shati liko sawa, anatafuta mshono kwa vidole, kola yote mpaka chini. Alikuwa na chupa mbili za dawa ya macho, ya asubuhi na ya jioni. Miaka yote mimi ndiye nilizitofautisha. Akachukua kisu, akaikata moja alama kwenye kifuniko, na tangu hapo hakunipa jicho lake kabla hajaigusa hiyo alama. Mama aliyekuwa akipita kuchukua maziwa, mzee alimwita kando na kumuuliza kama ukuta wa nyumba kweli umepakwa rangi kama nilivyomwambia. Nilisikia. Yule mama alijibu, "Umepakwa, baba, ni wa bluu," na mimi nikaenda shambani nikakaa huko hata sikulima.

Sikulalamika. Nilikuwa nimekula uaminifu wangu mwenyewe, kama mtu aliyekula mbegu.

Agosti ikafika, na msimu mpya. Niliwasha. Mzee akainuka, akapapasa ukuta, akaenda kukaa jikoni akiwa amegeuza mgongo. Niliongeza sauti ili asikie hata huko. Hakuuliza kitu. Nilitazama peke yangu, Kiingereza kikinipita. Nilichoona ni kwamba chini kwenye mashine wameweka kijana mwenye nywele zilizochanwa vizuri. Hakuna picha ya fundi ukutani, wala kitu chake chochote kilichobaki. Hata wale waliosimama dirishani sasa walikuwa wanacheza karata. Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa ndugu.

Mwisho wa Agosti githeri ya mahindi na maharagwe ilianza kumkwama mzee kooni. Halafu ugali. Halafu hata uji ulirudi. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alitoka Nairobi na gari, akatupeleka Embu. Walimwingiza kipimo cha kuangalia koo, wakakata kipande, tukarudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu. Daktari alituita mimi na kijana. Mzee aliachwa kwenye benchi la nje na muuguzi.

Tulipotoka, kijana alinishika mkono kwenye baraza. Macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, tafadhali. Mwambie ni vidonda vya tumbo. Mimi nimeshamwambia daktari asimwambie. Acha baba amalize siku zake na amani."

Nikamwambia, "Baba yako ana akili zake."

"Hana macho, mama. Akose na tumaini pia?"

Kijana wangu ni mtu mzuri, na alimpenda baba yake kuliko watoto wengine wote. Alipotufikisha nyumbani, yeye mwenyewe alimwambia mzee ni vidonda, atakunywa dawa atapona. Mzee akasema, "Sawa." Kijana akarudi Nairobi usiku haujaingia.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, mzee alikuwa nje kwenye gunia, akipukuchua mahindi. Hiyo kazi aliifanya vizuri kuliko wenye macho. Nikakaa mbele yake, nikachukua hindi langu.

"Daktari alisema nini?" akaniuliza.

Nilijua kwamba nikisema vidonda, hataniuliza tena jambo lolote mpaka afe. Nilijua pia kwamba nikisema lile lingine, nitakuwa nimevunja neno la mtoto wangu.

"Kijana wako anataka nikuambie ni vidonda vya tumbo."

"Na daktari?"

"Daktari alisema ni kansa ya koo. Imeshashuka. Hawatakata. Watakupa dawa ya maumivu. Nilimuuliza ni muda gani, akasema tusiwe na hesabu ya Krismasi."

Alimaliza lile hindi mpaka punje ya mwisho. Akalitupa gunzi nyuma, akachukua hindi lingine, hakulipukuchua.

"Alisema kwa Kiswahili?"

"Alianza kwa Kiingereza. Nikamwambia arudie."

Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na ilikuwa ya vitufe, alijua kubonyeza namba ya binti yetu kwa vidole. Nilingoja aitoe, ampigie, aulize kama mama amesema kweli. Hakuitoa. Alisema tu, "Basi ule mti wa mgrevilia wa kando ya choo ukatwe sasa, mbao zipate kukauka." Nikasema nitamwita mtu wa msumeno. Tukaendelea na mahindi.

Jumamosi iliyofuata nilipowasha televisheni alikuja mwenyewe akakaa. Kabla haijaanza akasema, "Niambie vile alikufa." Nikamwambia yote, vyuma, kamba, mkono aliouinua, dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kamba ilikuwa moja?"

"Moja."

"Huo ni upuuzi. Fundi hawezi kutoka na kamba moja. Wanaoandika hivi vitu hawajawahi kushika kazi." Na alikuwa amekasirika kweli, kwa hao waandishi, sio kwangu. "Na huyu mpya?"

"Ana nywele."

"Nimemsikia. Anaongea sana na mashine haijazima."

Tulitazama hivyo Jumamosi sita. Ya saba hakuweza kukaa.

Sitasema kwamba ukweli ulimpa amani, kwa sababu ningekuwa naongeza. Kuna asubuhi nilimkuta ameelekea ukutani. Akasema, "Ungeniachia tu vidonda vya tumbo." Nikamuuliza kama anasema kweli. Baadaye aliomba maji, nikamwambia ni ya moto kidogo, na akayapokea bila kuweka kidole. Hayo yote mawili yalikuwa siku moja.

Alikufa Novemba, mvua ikinyesha, mbao za mgrevilia zikiwa hazijakauka vizuri. Tulimzika chini ya kahawa zake.

Siku ya mazishi kijana wetu ndiye alisoma habari za maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, kiwanda, kanisa, watoto. Mwishoni akasema baba aliondoka kwa utulivu, bila kujua uzito wa ugonjwa wake, na hiyo ilikuwa neema ya Mungu. Watu wakaitikia. Wazee wa kwa kinyozi walikuwa mstari wa pili. Yule mwalimu alitikisa kichwa kwa huruma.

Mjane haongei siku hiyo, huongelewa. Lakini niliwawazia watu wa rika lake wakirudi nyumbani na habari kwamba hata kifo chake alifichwa. Nikasimama. Sikuchukua kipaza sauti.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia. Mbao za sanduku hili ni yeye alisema zikatwe."

Mchungaji akaanzisha wimbo.

Jioni, hema likikunjwa, kijana alinijia akiwa na funguo za gari mkononi. Hakunitusi, sikumlea hivyo. Alisema, "Umenifanya mwongo mbele ya baba yangu akiwa amelala hapo." Halafu akasema, "Kwa hivyo miezi miwili yote alikuwa akinijibu kwenye simu kwamba vidonda vinapona, alikuwa ananihurumia mimi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia, "Ndiyo." Akaingia kwenye gari.

Hajaja nyumbani tangu hapo. Krismasi alituma vitu, unga na sukari na blanketi nzito, vikaletwa na mtu wa parseli. Pasaka vilevile. Sasa ni Julai tena, ukungu umekaa mpaka mlangoni, na wametangaza kwamba kuna tamthilia nyingine inakuja, ya watu wanaoishi chini ya bahari. Nitaitazama. Nimeona kwenye tangazo mama mmoja akifunika uso wa maiti kwa kitambaa, na hiyo imenipa hamu.

Binti yangu hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Huniambia ndugu yake ni mzima, kazi imembana, na kwamba kila wakiongea lazima aulize, mama anaendeleaje. Sijui kama ni kweli huwa anauliza. Nasema, "Mwambie niko." Sijamuuliza binti yangu mara ya pili.